Mkato na maneno ya kunukuu katika Kiingereza

Meza yangu ya kuandikia iko kichochoroni, hatua chache kutoka ngome ya Lamu. Wanaonijia ni manahodha, wenye nyumba za wageni na mafundi wa milango, kila mmoja na karatasi yake ya Kiingereza anayotaka iwe safi kabla mgeni hajaisoma. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mkato uliowekwa ovyo karibu na alama za kunukuu.

Juzi nahodha mmoja aliniletea maneno ya kuandika kwenye ubao wa jahazi lake, kueleza vyombo vya zamani:

The word, "mtepe", means a sewn boat.

"Dada, penye alama hizi si lazima pawe na mkato?" akaniuliza. Si lazima. Nilizifunika alama kwa kidole, nikamwomba asome sentensi kama hazipo. Je, angeweka mkato? Asingeweka. Alama za kunukuu peke yake haziiti mkato. Tena ile mikato miwili ina madhara: inamwambia msomaji kwamba neno lililo katikati yake laweza kuondolewa bila hasara. Liondoe basi, uone kinachobaki: The word means a sewn boat. Neno gani? Sentensi imepoteza kichwa. Iandike hivi:

The word "mtepe" means a sewn boat.

Mambo hubadilika mtu anaponukuliwa akisema. Hapo mkato hutenganisha msemaji na kauli yake, iwe ametangulia au amekuja nyuma:

The captain said, "We sail at high tide."
"We sail at high tide," the captain said.

Ukimkatiza katikati, mikato ni miwili:

"The tide," he said, "will not wait."

Kauli ikiwa swali, alama ya kuuliza inatosha, usiongeze mkato: "Is the tide high?" she asked. Na ukitumia that, mkato huondoka: He said that the sea was "angry" all night.

Sasa mkato ukae ndani ya alama au nje? Hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kumwandikia mwenye nyumba ya wageni kijijini Shela maelezo yaliyokwenda kwa mhariri Marekani, yakarudi mikato yote imehamishwa. Nilihuzunika, nikidhani sijui kazi. Kumbe ni desturi mbili. Marekani huweka mkato na nukta ndani ya alama za kufunga, hata kama si sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Uingereza, ambayo ndiyo tuliyofuata shuleni Kenya, huuacha nje ikiwa neno limetajwa tu. Kwenye mazungumzo, kama ile kauli ya nahodha hapo juu, wote huweka ndani. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza nani atasoma, kisha nashika desturi moja tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kuzichanganya ndilo kosa nisilolivumilia.

Nahodha alisema wageni wake wengi ni Waingereza. Ubao wake sasa unasomeka:

Our elders called it a "mtepe", and they built it without a single nail.