Anza tena na Katekisimo Ndogo

Nilikuwa naimba kwaya, nagawa bahasha za ahadi, sikosi kikao, na huku moyo umekauka. Siku binti yangu wa kipaimara aliponiomba nimsikilize Amri Kumi, mimi ndiye niliyekwama, kwenye ya sita. Kama nawe umefika hapo, fanya hivi.

Tafuta Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya msingi ya Kilutheri, ile ile ya kipaimara, wala usione haya. Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, aliiandika mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saxony, Ujerumani, kuonyesha kwamba waumini wengi hawajui hata Baba Yetu. Naye mwenyewe, daktari wa theolojia, alikiri kwamba kila asubuhi alizisoma Amri, Imani (ungamo la imani ya Mitume) na Baba Yetu neno kwa neno, kama mtoto.

Amka kabla ya watu wa nyumbani, simu iache chumbani. Soma kwa sauti amri moja na maelezo yake, ukae nayo wiki nzima. Mimi ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, ilinishika wiki tatu. Maelezo yake yanataka tumtetee jirani na kumsemea mema, na mimi nilikuwa nimemsema vibaya mama mmoja wa kikundi chetu cha upatu. Nilikwenda kwake na kilo ya sukari, nikamwomba msamaha pale mlangoni kabla hajanikaribisha kiti. Hapa usipite haraka. Amri iliyokuchoma itakutuma kwa mtu. Nenda wiki hiyo hiyo.

Kisha Imani ya Mitume. Hapo utapumua, maana amri zinakudai, lakini Imani inakusimulia Mungu alivyokutendea.

Baba Yetu isome katika Mathayo 6: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Nina duka, na daftari la madeni liko chini ya kaunta. Asubuhi ile nililifungua, nikafuta deni la mjane mmoja, la unga na mafuta ya taa.

Jioni soma Marko na watoto. Ni sura 16 tu.

Na jumuiya usiikimbie. Waambie wazi kwamba umeanza upya. Mimi niliposema, mzee mmoja alijitolea kunisikiliza amri kila Jumatano, na mpaka leo ananisikiliza.