Kuilinda moduli ya TP4056 dhidi ya betri iliyogeuzwa

Moduli ndogo ya kuchajia yenye chipu ya TP4056 hutumiwa sana na mafundi kufufua tochi, redio na spika kwa seli za 18650 zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato. Ni nafuu na hufanya kazi vizuri, lakini ukiiwekea seli kinyume huungua. Mkondo hutoka kwenye chanya ya seli, huingia upande wa hasi wa moduli, hupenya ndani ya chipu mahali ambapo hapakuundwa kubeba mzigo, kisha hutokea mguu wa BAT. Seli nzima ya 18650 hutoa ampea kumi na zaidi kwa urahisi, kwa hiyo chipu haipati nafasi ya kupona.

Wengi hudhani moduli zenye chipu ya ulinzi wa seli ya DW01A na swichi yake FS8205A zimeshalindwa. Sivyo. DW01A hukata seli ikijaa kupita kiasi (karibu volti 4.3), ikishuka mno (karibu volti 2.4) au mkondo wa mzigo ukizidi. Haikuundwa kwa seli iliyogeuzwa. Matoleo mapya ya baadhi ya chipu hizi yana ulinzi huo ndani, ila kwa macho huwezi kuyatofautisha na yale yasiyonao. Chukulia kwamba moduli yako haina.

Dayodi haitoshi

Fundi mzoefu wa redio atafikiria kwanza kuweka dayodi moja kwenye waya wa chanya. Kwenye redio inafaa, kwenye chaja haifai. Wakati wa kuchaji, mkondo hutoka B+ (pedi ya moduli ya chanya ya seli; B- ni ya hasi) kuelekea kwenye seli. Seli ikigeuzwa, mkondo unaounguza nao hutoka B+ kuelekea kwenye seli. Mwelekeo ni uleule, kwa hiyo dayodi inayoruhusu kuchaji inaruhusu na maafa. Juu ya hapo inakula volti 0.3 hivi, nayo chipu inayosimamia 4.2 kwenye B+ itaiacha seli bila kujaa.

Kuna mahali dayodi inafaa: kuvuka B+ na B-, upande wenye mstari ukiwa B+, pamoja na fyuzi ya kukatika haraka kati ya seli na dayodi hiyo. Seli ikigeuzwa, dayodi hupitisha mkondo wote na fyuzi hukatika. Tumia SS34 au 1N5822, na fyuzi ya ampea 2 ikiwa mzigo wako hauzidi ampea 1.5. Usitumie fyuzi inayojirudisha yenyewe: huchelewa, na wakati huo dayodi inachemka. Njia hii ni rahisi na ya kutegemewa, ila kila kosa moja linakula fyuzi moja.

Mosfeti moja, na mtego wake

Njia inayopendwa ni mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya aina ya P, kama AO3401A. Ukiitazama kwa juu, ule mguu ulio peke yake ni D (drain). Upande wenye miguu miwili, 1 ni G (gate, mguu wa amri) na 2 ni S (source). D huenda kwenye chanya ya seli, S kwenye B+ ya moduli, G kwenye B- kupitia rezista ya 10k. Seli ikikaa sawa, mosfeti hufunguka kabisa (hupitisha mkondo) na kupoteza takriban volti 0.06 tu kwa ampea moja. Ikigeuzwa, hufunga.

Hufunga iwapo USB haijachomekwa. USB ikiwa ndani, TP4056 inaweka karibu volti 4.2 kwenye S hata kama seli haipo, na G iko sifuri: mosfeti imeshafunguka kabla seli haijafika. Seli iliyogeuzwa ikiingia hapo, mosfeti hubaki nusu wazi. Kwa rezista ya 1.2k iliyozoeleka kwenye mguu wa PROG (unaopanga mkondo wa kuchaji), chipu hutoa mkondo wa kuamshia wa takriban 130 mA, nao unapitia mosfeti hiyo yenye tofauti ya karibu volti 5. Hiyo ni zaidi ya nusu wati kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na seli yako inaendelea kunyonywa hadi chini ya sifuri. Seli ya lithiamu iliyoshushwa hivyo haifai kuchajiwa tena.

Saketi kamili

Dawa yake ni kuiacha seli yenyewe itoe ruhusa. Unahitaji:

- AO3401A moja (Q1) na mosfeti ya aina ya N, AO3400A, moja (Q2)
- rezista ya 47k, ya 1M na ya 10k
- SS34 moja

Q1: D kwenye chanya ya seli, S kwenye B+. Weka 47k kati ya G na S ya Q1, ili bila amri yoyote ibaki imefunga. Q2: D kwenye G ya Q1, S kwenye B-. G ya Q2 ipeleke kwenye chanya ya seli kupitia 10k, na 1M kutoka G hiyo hadi B-. SS34 ivuke B+ na B-, mstari ukiwa B+. Hasi ya seli inaenda B- moja kwa moja.

Seli ikikaa sawa, Q2 inafunguka na kuivuta G ya Q1 chini. Seli ikigeuzwa, G ya Q2 inakuwa hasi, Q2 inafunga, Q1 inafunga, USB iwepo isiwepo. Q1 hapo inazuia hadi volti 8.4; hizi hustahimili 30. Usichague 2N7002 badala ya AO3400A: baadhi yake hutaka volti 2.5 ili kuanza tu kufunguka, na seli iliyochoka haitaiamsha.

Kosa linalowapata wengi ni kulehemu S ya Q2 kwenye OUT- (pedi ya hasi inayokwenda kwenye mzigo). OUT- na B- si kitu kimoja, katikati yake kuna FS8205A. Kila kitu hapa kinarudi B-.

Fahamu mambo matatu. Ile 47k hunywa takriban 0.09 mA muda wote, yaani 2 mAh kwa siku. Na seli yenye saketi yake ya ulinzi iliyokwisha kukata husoma sifuri, hivyo saketi hii haitaichaji mpaka iamshwe kwingine. Pia, ukiichomoa seli USB ikiwa ndani, Q1 hubaki wazi. Seli iliyogeuzwa ikiingia itafunga baada ya kitambo kifupi sana, na SS34 ndiyo inabeba kitambo hicho. Ndiyo maana usiiache, na ndiyo maana ni vema kuchomoa USB kwanza unapobadilisha seli.

Kupima

Usianze na seli. Tumia chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, kiweke volti 3.7 na 50 mA. Huna? Weka rezista ya omu 47 yenye uwezo wa nusu wati mfululizo na seli. Hata ikienda vibaya, bila USB mkondo hauzidi 90 mA.

Kwanza iweke sawa, bila USB: B+ isome karibu sawa na chanzo. Igeuze, bila USB: B+ dhidi ya B- isome sifuri au karibu yake, ikishuka waziwazi chini ya sifuri, kuna mguu uliokosewa. Mwisho igeuze USB ikiwa ndani: B+ ibaki karibu na 4.2, na Q1 isipate joto kidoleni.

Moduli iliyowahi kugeuziwa seli bila ulinzi huu, hata kama taa zake bado zinawaka, ipime USB ikiwa ndani bila seli. B+ ikizidi 4.26, itupe: inaweza kuwa inapitisha volti 5 za USB moja kwa moja hadi kwenye seli. Na seli zilizochomolewa kwenye betri kuukuu, zenye ncha bapa pande zote mbili, zipime kwa mita kila mara. Upande wa chanya ndio wenye mfuo unaozunguka karibu na ncha. Usiamini rangi za waya za soketi za JST pia, maana kuna zinazouzwa nyekundu ikiwa upande wa hasi.