Ukiwa na akili isiyotulia, anza na ungo wa mchele

Kama akili yako haikai mahali pamoja, usianze kwa kufumba macho. Ukifumba tu, madeni, ada za watoto na maneno ya jana yote yanapata nafasi. Mimi ni fundi cherehani, simu yangu inaita kutwa nzima, na ushauri wangu ni huu: ipe mikono kazi ndogo, halafu akili ikae na mikono.

Kazi ninayoipenda ni kuchambua mchele. Acha simu chumba kingine. Kuzima sauti hakutoshi, jicho litaifuata. Mimina vikombe viwili kwenye ungo, kaa penye mwanga. Sogeza punje chache kwa kidole. Hii imekatika, hii ni chuya, ile iliyozidi weupe ni kijiwe. Sikiliza zinavyokwaruza ungo. Tazama unga mwembamba unaobaki kwenye ncha za vidole.

Muda si muda utakuwa umeshaondoka, unajibizana na mteja moyoni. Zoezi lenyewe liko hapo. Yape mawazo hayo jina moja, "mipango" au "hasira", usiendeleze mabishano, rudi kwenye punje inayofuata. Ukirudi mara 30 kwenye ungo mmoja, umefanya zoezi mara 30. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huachia hapa, wakidhani hawakuumbiwa utulivu. Inaniuma, maana walikuwa wameshaanza.

Siku isiyo ya mchele, chukua zabibu kavu moja. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, alizoea kuwaanzishia wanafunzi hapo: itazame, inuse, iweke ulimini, itafune polepole mpaka ishuke kooni. Huna zabibu, karanga inafaa.

Kwenye daladala hesabu pumzi, moja kila unapoitoa, hadi 10, kisha anza upya. Ukipotelea kwenye 4, au ukijikuta 17, rudi 1 bila kujilaumu.

Dakika 5 zinatosha, ila ziwe wakati uleule kila siku. Mimi huwa kabla ya kuwasha jiko. Na kama ukimya unakuletea kumbukumbu nzito au kifua kinabana, acha hapohapo, simama, tembea, halafu zungumza na daktari au mshauri nasaha kabla ya kuendelea.