Somo: Suruali ya mpira ya mtoto mdogo, kwa sentimita 70 za kitenge

Suruali ya kwanza niliyomshonea mwanangu ilikuwa nzuri sana akiwa amesimama. Nilimpiga picha mlangoni, nikawatumia ndugu. Jioni tukaenda ufukweni Shangani, hapa Mtwara, akachuchumaa kuokota kombe, matako yote nje. Akainuka, akaipandisha, akachuchumaa tena, ikashuka tena. Shangazi yangu, aliyenifundisha cherehani, alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akaniuliza: "Ulimpima amesimama? Nani alikwambia mtoto anasimama?"

Basi somo la leo linaanzia hapo. Wengi mliniomba suruali kwa sababu gauni tulishamaliza, na wenye watoto wa kiume walianza kulalamika. Ni kazi ya nusu siku kwa anayeanza. Haina zipu wala kifungo, na mfuko tutauacha kwa leo.

Vya kuwa navyo

Kitenge sentimita 70. Kwa mtoto wa miaka 2 utatumia kama 55, zinazobaki ni za makosa. Mpira wa kiuno wa robo tatu inchi, nusu mita. Uzi, mkasi, futi ya fundi, pini za kawaida na pini moja ya nepi. Chaki ukikosa, kipande chembamba cha sabuni ya mche kinachora vizuri kuliko chaki na kikifuliwa kinaondoka. Karatasi ya kuchorea nachukua ile ya ndani ya mfuko wa saruji, na mifuko ya saruji Mtwara haikosekani. Ipanguse vizuri kwanza.

Kuhusu mpira: ukiwa dukani uvute mpaka ukaribie kuwa mara mbili, uachie. Usiporudi pale ulipokuwa, urudishe kwa mwenye duka. Mpira uliokaa dirishani juani miezi mingi unakuwa umeshachoka kabla hujaununua.

Kitenge kipya kifue kwanza, kianike, kipige pasi. Pamba husinyaa, na hiyo gundi inayokifanya kiwe kigumu dukani ikitoka ndipo utajua kitambaa chako hasa kikoje. Ukiruka hatua hii, suruali itafupika baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na utadhani mtoto amerefuka.

Kupima

Pima vitu vitatu. Kiuno, tena baada ya kula, maana tumbo la asubuhi na tumbo la baada ya uji ni matumbo mawili. Urefu wa pembeni, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Na cha tatu ndicho kilichoniponyoka mimi: mchuchumaze mtoto, mpe kitu cha kuchezea chini, kisha pitisha futi kutoka kiunoni nyuma, katikati ya miguu, hadi kiunoni mbele. Akiwa na nepi, mpime nayo. Mwanangu alizidisha karibu sentimita 5 kati ya kusimama na kuchuchumaa, na karibu zote zilitoka nyuma.

Kuchora

Chukua suruali yake ya zamani inayomtosha bado. Ikunje kwa urefu, mguu juu ya mguu, upande wa mbele ukiwa nje. Ilaze kwenye karatasi na uchore kuizunguka. Kiuno chake kimevutwa na mpira, kwa hiyo kikamate na ukinyooshe kabisa wakati unachora. Asiyenyoosha anapata suruali isiyopita makalioni.

Sasa igeuze ili upande wa nyuma uwe nje, ilaze ubavu kwa ubavu na mchoro wa kwanza, mistari ya pembeni igusane, uchore tena. Umepata mguu mzima katika kipande kimoja, hauna mshono wa pembeni. Utaona mkunjo wa msamba wa nyuma umechimba na kutokeza zaidi ya wa mbele. Ndivyo unavyotakiwa uwe, usiulinganishe.

Juu, katikati ya nyuma, ongeza sentimita 3, halafu chora mstari wa kiuno ukiteremka taratibu mpaka mbele kwenye kimo chake cha zamani. Kwa hiyo nyuma inakuwa juu kuliko mbele. Hizo sentimita 3 ndizo zilizonikosesha raha Shangani. Pitisha futi kwenye mikunjo yote miwili ya msamba, jumlisha, uone kama inafikia kile kipimo cha kuchuchumaa. Ikipungua, ongeza nyuma tena.

Mwisho ongeza nafasi za kushonea: sentimita 1 na nusu kwenye msamba na miguu kwa ndani, 3 na nusu kiunoni, 3 chini. Andika NYUMA na MBELE kwenye karatasi. Andika kweli, usijiamini.

Kukata

Kunja kitenge, maua ndani kwa ndani, kingo mbili za kiwandani zikutane. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, ukikunja unabaki na 57, na kipande chako kina kama 46. Bandika pini, kata mara moja, unapata mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mimi nilikata kimoja kimoja, maua yakitazama juu vyote viwili, nikaishia na miguu miwili ya kushoto. Mto wa kochi ulipata foronya mpya.

Kushona

Anza na miguu. Kila kipande kikunje, maua ndani, ushone mshono wa ndani wa mguu kuanzia msambani hadi chini. Sasa una mirija miwili.

Hapa ndipo watu wanapopotea, someni polepole. Mguu mmoja ugeuze, maua yawe nje. Mwingine uache, maua ndani. Uingize ule wa kwanza ndani ya wa pili, kama unavyovalisha soksi juu ya soksi. Maua yatakutana na maua. Linganisha ile mishono miwili ya ndani ya miguu, bandika pini hapo kwanza, ndipo upande kwenda mbele na nyuma. Kabla ya kushona hakikisha nyuma imekutana na nyuma. Shona mkunjo wote, kiuno hadi kiuno, kwa mshono mdogo mdogo. Kisha rudia juu ya mshono uleule. Msamba wa mtoto unabeba kazi yote ya siku: kupanda, kukaa, kuburuzika. Mshono mmoja haufiki Ijumaa.

Kwenye mkunjo kata vijinafasi vidogo kwa ncha ya mkasi, usiguse uzi. Kingo zipige ovaloki, au zigizaga kama cherehani inayo, zisifumuke. Ukiutoa ule mguu wa ndani, utashangaa: suruali hiyo hapo.

Kiuno: kunja sentimita 1, piga pasi, kunja tena 2 na nusu, piga pasi. Kabla hujakunja, laza ule mshono wa msamba upande mmoja na uushike kwa nyuzi chache. Ukiuacha wazi, pini ya nepi itajichomeka humo ikiwa njiani na utahangaika nayo ukiwa umekaribia kumaliza. Shona ukingo wa chini wa pindo kuzunguka, ukiacha mlango wa sentimita 4 kwa nyuma.

Mpira: kiuno cha mtoto toa sentimita 4, ongeza 2 za kuunganishia. Kiuno cha wangu ni 48, nilikata 46. Funga pini kwenye ncha moja, na ncha ya pili ibane na kitambaa kwa pini nyingine isije ikamezwa. Sukuma, vuta, sukuma, vuta. Ukizunguka wote, hakikisha haujasokoteka, laza ncha moja juu ya nyingine sentimita 2, shona mraba na msalaba katikati. Mvalishe mtoto kabla ya kufunga mlango. Vidole vyako viwili vipite kirahisi kati ya mpira na tumbo. Ndipo ufunge.

Chini kunja 1, kunja 2, shona. Mimi nashona pindo la chini kwa uzi uliolegea kidogo, ili akirefuka nilifungue. Nyuma, ndani ya kiuno, naweka kipande cha utepe, maana mtoto anayejivalisha hajui mbele ni wapi. Baba yake pia.

Maswali yenu

*Mama wawili, Masasi:* Sina cherehani kabisa. Kwa mkono inawezekana au nitajichosha bure?

Inawezekana, dada. Tumia uzi uliokunjwa mara mbili na ushone kwa kurudi nyuma: sindano ikitoka mbele, irudi hadi pale mshono uliopita ulipoishia, itokee mbele tena. Usipige bandi tu, bandi itafumuka. Msamba rudia mara mbili hata kwa mkono. Itakuchukua jioni tatu hivi.

*Mwanachama, Nachingwea:* Cherehani yangu ni ya miguu, nimeirithi. Kila nikianza uzi unakatika.

Mara nyingi ni gurudumu linazunguka kinyume. Lianzishe kwa mkono kuja upande wako ndipo ukanyage. Toa uzi na kitambaa, ukae ukanyage cherehani tupu kwa siku mbili mpaka mguu uzoee. Kama uzi unajikusanya chini kama kiota, tatizo liko juu: umeruka tundu mojawapo la kupitishia uzi, au umeuingiza huku kile kiguu kinachokandamiza kitambaa kimeshuka. Kiinue, pitisha uzi upya.

*Mama Mdogo, Lindi:* Mpira wangu unajisokota ndani kila nikifua. Nimechoka kuunyoosha.

Pindo lako ni pana kuliko mpira. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 tu. Hiyo uliyokwisha kuimaliza, inyooshe kwa mara ya mwisho, kisha shona mstari mfupi wa kusimama unaovuka mpira katikati ya nyuma, mbele na pembeni zote mbili. Haitajisokota tena. Na usiianike juani siku nzima ukaisahau, wala usipitishe pasi ya moto juu ya mpira.

*Dada wa Newala:* Huku juu asubuhi za mwezi wa saba ni baridi. Naweza kushona ya tabaka mbili?

Unaweza. Kata suruali mbili sawasawa, ya nje kitenge na ya ndani kitambaa cha fulana ya zamani ya baba, ushone kila moja mpaka msamba, halafu uingize moja ndani ya nyingine kabla ya kukunja kiuno. Ongeza upana kidogo kila kipande, la sivyo mtoto atatembea kama askari wa gwaride.

*Bibi yake, Mikindani:* Mwanangu, nina kanga kuukuu, laini, inafaa? Ila ina jina.

Shikamoo bibi. Kanga kuukuu ndiyo tamu kwa ngozi ya mtoto, na moja inatoa suruali mbili na zaidi. Weka pindo la kanga chini miguuni, inapendeza. Lile jina panga likae popote, lakini siyo nyuma. Nilimwona mtoto mmoja sokoni maneno yamemkalia matakoni, mama mmoja akahisi ni yeye anayesemwa.

*Mama wa Tandahimba:* Msimu wa korosho watoto wanakula mabibo, nguo zote madoa. Unatoaje?

Sitoi, dada yangu. Maji ya bibo yakikauka kwenye pamba yanakuwa ya kahawia na hayasikii sabuni. Ukiwahi yakiwa mabichi, maji mengi ya baridi hapohapo yanapunguza. Mimi nimeshona suruali mbili za kitenge cha kahawia cheusicheusi, hizo ndizo za bibo mpaka msimu uishe.

*Fundi mstaafu, Mtwara mjini:* Binti, somo zuri, ila umesahau mambo mawili. Hujawaambia wakate kwa kufuata uzi wa kitambaa. Mguu ukikatwa mshazari, suruali inapinda ikifuliwa. Na huo mguu wa kipande kimoja ni wa watoto wadogo tu, ambao kiuno na makalio yao yanakaribiana. Akikua anahitaji mshono wa pembeni.

Shikamoo baba, ahsante sana. Ni kweli: mstari wa pembeni kwenye karatasi uende sambamba na ukingo wa kiwandani. Naongeza kwenye somo leo hii. La pili nalichukua kama somo lijalo, lakini utanisaidia baba.

*Mama wawili, Masasi:* Nimemaliza mguu wa kwanza kwa mkono. Swali: nyuma ni ile iliyochimba zaidi au ile iliyochimba kidogo? Sikuandika.

Iliyochimba zaidi, dada. Na kabla hujashika sindano tena, chukua ile sabuni uandike.