Jinsi ya kuifanya timu changa ya kikapu ifike mtoano kila msimu

Timu changa yoyote inaweza kumfunga yeyote siku mitupo ikiingia. Nimeziona nyingi: Jumamosi zinaiangusha timu inayoongoza ligi, Jumapili zinachapwa pointi 20 na timu ya mkiani. Ukitaka yako ifike mtoano mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, shughulika na siku yake mbaya. Mitupo ina siku zake, na hata wakubwa hukosa. Lakini kutunza mpira, kurudi kukaba na kumziba mtu wakati wa rebaundi, yaani kugombea mpira uliokosa kikapu, havitegemei bahati. Vinafundishika. Nitaeleza ninavyovifundisha, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, fundisha baadaye

Tafuta mtu mmoja makini, mpe daftari, mkalishe mbali na benchi. Aandike vitu vinne tu vya timu yako: mitupo yote ya uwanjani, rebaundi za kushambulia (mnapoudaka tena mpira wenu uliokosa), mipira iliyopotea na mitupo huru. Kutokana na hivyo utapata idadi ya mashambulizi yenu, kwa njia hii: mitupo, toa rebaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotea, kisha jumlisha mitupo huru ukiwa umeizidisha kwa 0.44. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi. Mara nyingi hupigwa miwili kwa shambulizi moja, na wakati mwingine ni ule wa nyongeza baada ya kikapu.

Tuchukue mfano. Mmetupa mara 62, rebaundi za kushambulia 11, mipira iliyopotea 19, mitupo huru 20. Hapo ni 62 toa 11, jumlisha 19, jumlisha 8.8, unapata karibu mashambulizi 79. Yaani katika kila mashambulizi manne, takriban moja limeisha bila hata kutupa. Kama mmefunga pointi 56, zimetoka kwenye yale 60 yaliyobaki, wastani wa 0.93 kila moja. Punguza mipira iliyopotea kutoka 19 hadi 13, umeongeza pointi tano na nusu bila kumfundisha mtu yeyote kutupa vizuri zaidi. Tena hapo sijahesabu vikapu rahisi ambavyo mpinzani alivipata kwenye ile mipira sita.

Dean Oliver, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alizigawa sababu za ushindi katika mafungu manne: ubora wa mitupo, mipira inayopotea, rebaundi za kushambulia na mitupo huru. Mitupo ndiyo yenye uzito mkubwa, hilo sibishani nalo. Ila kumjenga mtupaji ni kazi ya miaka, na mipira inayopotea unaweza kuipunguza ndani ya wiki sita. Kwa timu changa mimi huanzia hapo.

Hatua ya 2: Fundisha kurudi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na sijutii.

Mtazame kijana anayetupa kutoka kona. Mpira umeshatoka, lakini mkono wake bado uko juu, kiganja kimelegea, macho yako kwenye ringi. Mpira unagonga chuma, mpinzani anaudaka kwa mikono miwili, anageuka. Aliyekuwa anamkaba huyo kijana amekwisha kupita mstari wa katikati. Ni sekunde moja na nusu tu aliyosimama, na tayari wanakuja watatu dhidi ya wawili.

Kanuni yangu ni fupi ili ikumbukwe hata mtu akiwa hoi. Mpira ukitoka mkononi, watatu wanaingia kwenye rebaundi, wawili wanarudi. Wa kwanza kurudi anakimbilia chini ya kikapu chetu bila kuangalia nyuma mpaka avuke katikati. Wa pili anasimama mbele ya mpira na kuita "mpira wangu!" kwa sauti. Anayerudi kimya namhesabu kuwa hajarudi.

Zoezi lake ni hili. Washambuliaji watano wanapanga safu kwenye mstari wa nyuma, chini ya kikapu. Walinzi watano wanasimama kwenye usawa wa mstari wa mtupo huru, kila mmoja akitazamana na wake. Unampa mpira mshambuliaji mmoja huku ukiita jina la mlinzi anayemkabili. Mlinzi huyo lazima akaguse mstari wa nyuma kabla ya kurudi kukaba. Wenzake wanne wanageuka na kukimbia. Kwa sekunde chache ni watano dhidi ya wanne, na hao wanne lazima wazungumze: nani yuko na mpira, nani yuko chini ya kikapu, yupi ameachwa huru kwa makusudi. Cheza hadi shambulizi liishe. Dakika 8 kila mazoezi, msimu mzima. Usilibadilishe kwa sababu wewe umechoka kulitazama.

Hatua ya 3: Punguza mipango

Ukabaji mmoja wa mtu kwa mtu, namna moja ya kuikabili skrini kwenye mpira (mshambuliaji anaposimama kumzibia njia mlinzi wa mwenye mpira), mipango mitatu ya kushambulia, miwili ya kuingiza mpira kutoka nje. Basi. Kwenye skrini mimi humshusha senta, yaani mchezaji mrefu wa ndani, chini akazibe njia ya kikapu, na gadi, mchezaji wa nje, anapigana kupita juu ya skrini amfuate mtu wake. Kocha mwingine atachagua kubadilishana watu, na hana kosa. Kosa ni kufundisha njia nne kwa vijana ambao hawajaimudu hata moja.

Hatua ya 4: Amua mapema ni makosa gani yatamtoa mtu uwanjani

Hili nililijifunza kwa gharama ya kijana. Nilikuwa na gadi wa miaka 18 mwenye macho mazuri ya pasi. Kila alipopoteza mpira nilimtoa. Kufikia katikati ya msimu, kabla hajatoa pasi yoyote, alikuwa anageuza shingo kunitazama mimi. Pasi iliyokuwa wazi ilikuwa imeshafungwa. Wapinzani walimwelewa, wakawa wanamsukumia kwenye kona baada tu ya kuvuka katikati, ambako mistari miwili inawasaidia kumkaba, na akapoteza mipira mingi zaidi ya mwanzoni. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Sasa nawaambia kabla ya mechi ya kwanza. Kosa la uamuzi, kama pasi ya ujasiri iliyokatwa, halikutoi. Tutaliangalia kwenye video kesho. Kosa la juhudi, yaani hukurudi, hukuziba mtu, umesimama unalalamika kwa mwamuzi, linakutoa hata kama wewe ndiye mfungaji bora. Na sheria hiyo lazima imguse mfungaji bora mapema, wachezaji wote wakiona. La sivyo haitakuwa sheria.

Hatua ya 5: Walete wakomavu kwa wakati wake

Oklahoma City Thunder, timu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, wamelionyesha hili vizuri. Nyota wao Shai Gilgeous-Alexander walimpata mwaka 2019. Msimu wa 2020-21 walishinda mechi 22 na kupoteza 50, uliofuata wakashinda 24, kisha 40, kisha 57, na mwaka 2025 wakawa mabingwa baada ya kushinda mechi 68 za msimu wa kawaida. Kocha Mark Daigneault alianza katika ile miaka migumu na hakuondolewa.

Tazama kilichotokea mwaka 2024. Katika raundi ya pili ya mtoano, wapinzani wao Dallas walimwacha Josh Giddey wa Thunder huru mbali na kikapu, msaada wote wakaupeleka ndani. Alipoteza nafasi katika kikosi kinachoanza kabla mfululizo wa mechi hizo haujaisha, na Thunder wakatolewa kwa michezo 4 kwa 2. Kiangazi hicho wakambadilisha kwa Alex Caruso, mlinzi mzoefu, na kumsajili senta Isaiah Hartenstein kwa ajili ya rebaundi. Mtoano uliwaonyesha pengo, wakaliziba.

Huna bajeti yao, ila mpangilio huo unaweza kuufuata. Wakomavu wakiletwa mwanzoni kabisa watachukua dakika ambazo vijana wangejifunzia. Subiri timu ijue udhaifu wake, kisha tafuta wawili, sio watano. Na uchague wale wanaorudi kukaba.

Hatua ya 6: Uzoeze mtoano kabla haujafika

Mara mbili kwa wiki, malizia mazoezi kwa hali halisi iliyoandikwa ubaoni: tuko nyuma pointi 3, sekunde 40, mpinzani ana faulo nne, taimauti moja imebaki. Wacheze. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, baada ya faulo nne za timu katika robo, faulo ya ukabaji inayofuata inaleta mitupo huru miwili, kwa hiyo kijana anayejua hesabu hiyo ataingia ndani badala ya kurusha kutoka mbali. Pia, katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne, timu inayostahili kuanza na mpira kutoka upande wake inaweza kuita taimauti na kuuanzia upande wa mbele. Rebaundi ya kushambulia inawapa sekunde 14 badala ya 24. Waulize wachezaji wako mambo haya. Nilipowauliza wangu mara ya kwanza, wawili tu kati ya 12 ndio waliyajua yote matatu.

Mitupo huru pigeni mkiwa mmechoka, miwili miwili, baada ya kukimbia. Mitupo 50 mfululizo ukiwa umesimama haifanani na chochote kitakachotokea kwenye mechi.

Hatua ya 7: Andaa warithi

Kila msimu utapoteza watu: shule, kazi, majeraha, timu kubwa zaidi. Kikosi cha chini kitumie majina yaleyale ya mipango, wito uleule wa ukabaji, zoezi lilelile la kugusa mstari. Wawili bora wa kikosi hicho wafanye mazoezi na wakubwa mara moja kwa wiki kuanzia mwezi wa kwanza, wakati bado hakuna anayewahitaji kwenye mechi.

Siku ya kwanza ya msimu mpya, zoezi la kurudi siliongozi mimi. Nampa mchezaji wa mwaka wa pili, anaita majina, anawasimamisha wasiozungumza, anawaonyesha wageni pa kuweka mguu. Mimi nakaa pembeni na daftari, naanza kuhesabu.