Taa moja ikififia, anza na ethi
Taa moja ya mbele ya gari ikiwa hafifu kuliko mwenzake, usikimbilie duka la spea. Mimi nilishanunua globu mbili bure. Hapa Tanga, hasa gari linalolala karibu na bahari, chumvi inaanza kula ethi, yaani waya unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi ya gari.

Huna mita ya kupimia umeme? Washa taa, chukua kipande cha waya, gusisha hasi ya betri na waya wa ethi nyuma ya soketi. Taa ikichangamka, umeshampata mchawi. Ifuate ethi hadi inapofungwa kwenye bodi. Yangu ilikuwa na unga wa kijani, nati imeganda kabisa! Chomoa betri, fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Taa isipochangamka ulipogusisha waya, kagua upande wa chanya. Soketi iliyoyeyuka, hiyo badilisha tu.