Kumlea mtoto mdogo katika imani, anzia nyumbani

Wazazi wengi tunasubiri mpaka mtoto afike umri wa komunyo au kipaimara ndo tunashtuka hajui hata Baba Yetu, tunaanza kumkimbiza kwa mwalimu. Jamani miaka ya mwanzo, ile kuanzia miwili mpaka sita hivi, mtoto anabeba kila anachokiona kwako, na Sunday school ni lisaa limoja tu kwa wiki.

Kumbukumbu la Torati 6:7 imeshatupa ratiba: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hamna darasa hapo.

Mi ningeanza na kulala. Sala iwe fupi na iwe yake, usimlishe maneno ya kikubwa ya "tunanyenyekea mbele zako". Muulize tu, leo tumshukuru Mungu kwa nini? Atakwambia asante kwa chapati, asante kwa kuku wa bibi, mponye paka mguu, halafu katikati anahamia kwenye katuni, sawa tu, semeni amina mlale. Baba Yetu we isali kwa sauti kila usiku, taratibu, usimkaririshe, utashangaa siku moja anamalizia mistari mwenyewe.

Hadithi usimsomee sura nzima. Chukua kisa kimoja ukisimulie wiki nzima mpaka aanze kukukosoa. Samweli kuitwa usiku (1 Samweli 3) ni tamu sana kuigiza, mtoto analala kwenye mkeka, baba anaita kutoka chumbani, mtoto anakimbia kwa mama ambaye ndo Eli, yule kuhani, mama anamwambia sijakuita karudi ukalale, mara ya tatu ndo Eli anaelewa, anamfundisha kusema "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia". Hapo atadai mrudie tena, jiandaeni.

Sadaka mpe Jumamosi jioni, ile mia mbili au mia tano aitunze mwenyewe. Ukimchomolea kwenye pochi kapu limeshafika, kwake hiyo ni hela ya mama tu inapita.

Sasa hili naomba tulisikilize vizuri: acheni kumfanya Mungu fimbo. "Usipokula Mungu atakuchoma", "shetani huyo anakuja", afu baadaye tunashangaa mtoto anaogopa kusali gizani. Kakosea, mwambie kakosea, adhabu mpe wewe, Mungu mwache awe ndo anayemkimbilia. Na ongea na dada wa kazi pia, kwa heshima, maana yeye ndo anashinda naye na pengine ndo anayemnyamazisha na hayo ya shetani, akikubali asali naye kabla ya chakula cha mchana utakuwa umepata msaidizi mkubwa.

Maswali yatakuja, Mungu anaoga? Babu aliyekufa anakula nini? Jibu kwa sentensi moja, na usilolijua sema "hilo hata mama hajui, tutamuuliza mchungaji", kisha mkaulize kweli.

Kanisani mtafutieni nafasi. KKKT, yaani Walutheri, kuna sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, Wakatoliki wana Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto, mpelekeni mazoezi, ila mwenye aibu msimlazimishe kusimama kusema mstari. Ibada za kawaida kaeni mbele, huko nyuma anaona migongo ya watu tu. Akisinzia kwenye mahubiri mwache alale, usimfinye.